UZI: Nyumba zilizofungwa siku ya sensa, na jinsi janga linavyopunguza umri wa kuishi

Mwana wa Mibuni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Agosti 2022 nilikuwa karani wa sensa katika kitongoji kimoja wilayani Muleba, mkoani Kagera, si mbali na nilikokulia. Kazi mnaijua: kishikwambi mkononi, mwenyekiti wa kitongoji mbele, nyumba hadi nyumba. Katika dodoso lile kulikuwa na swali linalouliza kama kuna mwanakaya aliyefariki ndani ya miezi 12 iliyopita, jinsia yake na umri aliofariki nao. Watu wengi hulijibu kwa sauti ya chini. Mama mmoja aliniambia nisubiri, akaingia ndani, akatoka na kitambulisho cha mumewe ili nisikosee mwaka wa kuzaliwa. Alikisimamia kishikwambi mpaka alipohakikisha nimejaza.

Ila kilichonikaa moyoni ni nyumba ambazo hazikujibu chochote. Siku ya pili tulifika kwenye nyumba yenye kufuli, migomba imezongwa na majani makavu, njia ya kuingilia imeota nyasi. Nikauliza hapa anaishi nani. Mwenyekiti akasema: "Alikuwa mzee wetu mmoja, peke yake. Alikufa mwaka jana mwezi wa tisa, kifua. Watoto wako Mwanza." Nikatazama kishikwambi. Hakuna pa kumwandika. Swali linaulizwa kaya, na kaya yenyewe ilikuwa ni yeye. Nyumba za namna hiyo nilikutana nazo tatu katika eneo langu dogo tu.

Tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia jambo moja: janga kama korona likipita, tunajuaje limechukua nini? Kipimo kinachotumika zaidi ni umri wa kuishi. Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu kwamba kati ya 2019 na 2021 umri wa kuishi duniani ulishuka kwa miaka 1.8, ukafika 71.4, yaani tukarudi tulipokuwa 2012. Lakini wastani wa dunia unaficha mengi. Nchi za Amerika na zile za Asia ya Kusini-Mashariki zilipoteza kama miaka mitatu kila upande. Ukanda wa Pasifiki ya Magharibi, wenye Japani, Australia na New Zealand, haukupoteza hata sehemu ya kumi ya mwaka katika kipindi hicho.

Hata ndani ya Ulaya moja ile. Bulgaria ilikuwa na miaka 75.1 mwaka 2019, ikafika 71.4 mwaka 2021. Norway ilitoka 83.0 mwaka 2019 ikapanda hadi 83.3 mwaka 2020, janga likiwa limepamba moto. Virusi ni vilevile. Bulgaria ilifika mwisho wa 2021 ikiwa imechanja kikamilifu chini ya theluthi moja ya watu wake, na chanjo zilikuwepo. Kilichokosekana ni imani kwa waliokuwa wanazileta, na imani hainunuliwi mwezi ambao janga limeshafika.

Halafu kuna Peru. Huko ndiko nimekusoma zaidi kuliko kwingine kokote, kwa sababu nikisoma habari za Lima, mji wao mkuu, naiona Dar. Serikali yao ilifunga nchi mapema, katikati ya Machi 2020, kabla ya mataifa mengi tajiri. Ilikuwa amri kali, na jeshi likawa barabarani. Bado ikawa miongoni mwa nchi zilizopoteza watu wengi zaidi kwa idadi yao duniani. Sababu? Watu wengi wanaishi kwa kipato cha siku. Karibu nusu ya nyumba hazikuwa na friji, kwa hiyo soko ni la kila siku, na soko likageuka mahali pa kuambukizana. Serikali ikatoa fedha za kujikimu, jambo jema kabisa, lakini wengi hawakuwa na akaunti benki, wakapanga foleni wamebanana. Vitanda vya wagonjwa mahututi vilikuwa vichache mno, oksijeni ikawa inauzwa kama dhahabu, watoto wanakesha na mitungi mitupu nje ya viwanda vya kujazia.

Tarehe 31 Mei 2021 Peru ilifanya jambo ninaloliheshimu sana. Iliunda jopo la wataalamu, ikapitia upya vyeti na kumbukumbu za vifo, ikatangaza kwamba waliokufa kwa korona hawakuwa 69,342 kama ilivyokuwa ikisema, bali 180,764. Hebu fikiria serikali inasimama na kusema tulikosea kwa zaidi ya watu laki moja. Iliweza kwa sababu vifo vyenyewe vilikuwa vimeandikwa mahali, hata kama sababu iliandikwa vibaya. Sisi mzee wa kufuli lile tutamrudia wapi?

---

Tandale Juu

Uzi mzuri mkuu. Ila nina swali la kishamba, mnisamehe. Sensa ya 2012 walisema umri wa kuishi Tanzania ni miaka 61 na kitu. Baba yangu ana 60. Ina maana alibakiza mwaka mmoja?

---

Mwana wa Mibuni

Si swali la kishamba, ndugu yangu. Hapo ndipo wengi hujikwaa, hata waandishi wa habari.

Hapana, baba hajabakiza mwaka mmoja. Ule ni umri wa kuishi *tangu kuzaliwa*. Wanachofanya ni hivi: wanachukua vifo vya mwaka mmoja, umri kwa umri, halafu wanajiuliza, mtoto aliyezaliwa leo akipita kila umri huku akikutana na hatari za kufa za mwaka huu huu, kwa wastani angeishi miaka mingapi? Ndani ya hiyo 61 kuna watoto waliokufa kabla ya miaka mitano, na hao ndio wanaoivuta chini. Baba yako ameshawapita wote hao. Mtu aliyefika 60 hapa kwetu anatarajiwa kuishi zaidi ya miaka 15 mingine kwa wastani. Mwambie anywe uji wake kwa amani.

Kwa hiyo ukisikia Marekani ilitoka 78.8 mwaka 2019 ikashuka hadi 76.4 mwaka 2021, usidhani kila Mmarekani alikatwa miaka miwili na nusu. Ni picha ya mwaka mbaya. Mwaka ukipita, picha inabadilika: 2023 walikuwa wamerudi 78.4.

Jambo jingine, na kwangu ndilo kubwa. Kipimo hiki kinajali *umri* wa aliyekufa. Mzee wa miaka 85 akifariki, kwa hesabu tu, amepoteza miaka michache. Mama wa miaka 28 akifariki, imepotea miaka arobaini na zaidi. Ndiyo maana nchi inaweza kuzika wazee wengi kwa korona na kupoteza mwaka mmoja wa umri wa kuishi, na ugonjwa mwingine unaochukua vijana wachache kuliko hao ukapoteza miaka mingi zaidi.

---

Nyundo ya Kati

Mimi nitasema ukweli hata kama hamtaupenda. Korona Afrika haikuua kama walivyotutishia. Walisema maiti zitazagaa barabarani. Ziko wapi? Tulipiga nyungu, tukaomba, tukaendelea na kazi. Hizo hesabu za Shirika la Afya huko Geneva ni makadirio ya kompyuta.

---

Mwana wa Mibuni

Mkuu, una hoja nusu, na hiyo nusu naikubali kwa moyo mweupe.

Afrika ina vijana. Nusu ya Watanzania hawajafika hata miaka 20, wakati Italia mtu wa katikati ana zaidi ya 45. Ugonjwa unaoua zaidi kadiri umri unavyopanda lazima uue wachache zaidi kwetu kwa kila watu elfu. Hilo ni kweli na halihitaji nyungu kulieleza. Na ni kweli hesabu nyingi kuhusu Afrika ni makadirio.

Lakini ni makadirio kwa sababu gani? Kwa sababu hatukuandika. Kwetu Tanzania takwimu zilisimama Mei 2020 zikiwa na wagonjwa 509 na vifo 21, zikakaa hapo zaidi ya mwaka. Je, kuna mtu humu anayeamini kwamba kuanzia Mei 2020 hadi katikati ya 2021 hakuna aliyekufa? Sote tulienda misibani.

Sasa twende Lusaka. Kati ya Juni na Septemba 2020 watafiti walipima maiti 364 zilizofikishwa katika chumba cha maiti cha hospitali kuu ya chuo kikuu pale. Sabini walikutwa na virusi, karibu mmoja katika kila watano. Wakati huohuo takwimu rasmi zilionyesha Zambia imeguswa kidogo tu. Karibu robo tatu ya hao sabini walifia nje ya hospitali, na katika hao waliofia nje hakuna hata mmoja aliyekuwa amepimwa akiwa hai. Hizo si kompyuta za Geneva. Ni miili ya watu.

Maiti hazikuzagaa barabarani kwa sababu sisi tunazika. Tunazika upesi, nyumbani, kwa heshima zote. Kaburi tunalichimba vizuri, cheti ndicho hatukifuatilii.

---

Nesi wa Kaskazini

Habari zenu jamani. Mimi ni Mkenya, niko Marekani mwaka wa kumi na moja, nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Nimesoma hapo juu mtu akisema makadirio, mkono ukaanza kutetemeka.

Mwaka 2020 ghorofa niliyokuwa nahudumia ilikuwa na wazee 30. Kufikia Krismasi tulikuwa tumepoteza 11. Tulikuwa tunawashikia simu ili waagane na watoto wao kwa video. Wauguzi wenzangu wengi walikuwa Wakenya, Waliberia, Wafilipino, watu wa rangi yetu na wengine wageni. Sisi ndio hatungeweza kufanyia kazi nyumbani.

Nataka niongeze kitu kwa ile namba ya Marekani. Haikushuka sawa kwa watu wote. Mwaka 2020 peke yake, Wazungu walitoka 78.8 hadi 77.4. Watu weusi 74.8 hadi 71.5. Walatino 81.9 hadi 77.9, miaka minne kwa mwaka mmoja, na hao ndio waliokuwa wakiishi miaka mingi kuliko Wazungu kabla ya janga. Wenyeji asilia wa Marekani walitoka 71.8 mwaka 2019 hadi 65.6 mwaka 2021. Nchi ni moja, virusi ni vilevile, lakini ukitazama hizo safu unaweza kudhani ni mabara tofauti. Anayekata nyama kiwandani na anayesafisha hospitali ndiye aliyepanda basi kila asubuhi.

Pia si korona tu iliyoshusha. Vifo vya dawa za kulevya vilipanda sana miaka hiyohiyo. Janga likija linakuta nyufa zingine.

---

Mwana wa Mibuni

Dada, pole sana. Na asante kwa kuandika.

---

Pwani Kwetu

Nami niko Kilifi. Hapa Kenya watafiti wa KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, walitumia njia ya busara sana. Walichukua damu ya watu waliojitolea kuchangia damu, wakatafuta kinga za virusi. Kati ya Aprili na Juni 2020 walipata takriban asilimia 4.3, na mapema 2021 ilikuwa karibu nusu ya wachangiaji. Yaani ugonjwa ulipita kwa mamilioni huku waliothibitishwa wakiwa ni wachache.

Lakini hiyo inatuambia walioambukizwa, si waliokufa. Kwa vifo hapa kwetu, mtu akifia nyumbani ripoti inapitia kwa naibu wa chifu, upate kibali cha kuzika. Sisi Waislamu twazika siku hiyohiyo. Saa nne mtu amekata roho, baada ya Adhuhuri au Alasiri tumeshatoka makaburini. Karatasi hufuatwa baadaye, na mara nyingi baadaye ni mpaka pawe na shamba la kurithi au pesa za benki. Mwanamke asiye na shamba na asiye na akaunti, nani atamfuatilia cheti? Kwa hiyo hata hesabu za waliokufa zina wanaume zaidi kuliko ilivyo kweli.

---

Mwana wa Mibuni

Hilo la wanawake sikuwa nimelifikiria. Ahsante sana, ndugu.

---

Bibi Nshomile

Wanangu, mimi nina miaka 67, wajukuu ndio walionifundisha kutumia jukwaa hili. Mwana wa Mibuni umetaja Muleba. Mbona hujasema habari za Juliana?

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walionekana mkoani kwetu mwaka 1983. Wakati huo haukuwa na jina, tukauita Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kinaletwa na wafanyabiashara wa mpakani, kwa sababu waliokufa kwanza ni hao waliokuwa wanavaa na kuuza. Korona imenichukulia dada yangu mkubwa, mwenye miaka 79, nimemlilia. Lakini Juliana alinichukulia watoto wawili na mkwe katika miaka sita. Niliamka siku moja nina watoto wadogo watano wa kulea na mimi nilishamaliza kulea. Hizo ni hesabu mbili tofauti kabisa.

---

Mwana wa Mibuni

Shikamoo bibi.

Sikusema kwa sababu nilikuwa natafuta pa kuanzia. Mimi ni mmoja wa watoto wa namna hiyo. Baba alifariki 1994, mama 1996, alikuwa na miaka 31. Nililelewa na nyanya yangu, mzaa mama, na shamba lake la kahawa ndilo lililonisomesha. Jina langu humu limetoka huko.

Naomba niweke namba pembeni ya maneno ya bibi. Kwa sensa zetu, umri wa kuishi Tanzania ulikuwa miaka 50 mwaka 1988. Mwaka 2002 ulikuwa 51. Miaka kumi na minne, chanjo za watoto zikiongezeka, zahanati zikijengwa, tumepata mwaka mmoja tu. Kila kilichookolewa kwa watoto kilimezwa kwa wazazi wao. Zimbabwe hali ilikuwa mbaya zaidi: ilitoka takriban 60 katikati ya miaka ya 1980 ikashuka hadi kama 44 mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Baada ya dawa za ARV, zile za kupunguza makali ya UKIMWI, kuanza kutolewa bure hapa kwetu mwaka 2004, sensa ya 2012 ikakuta zaidi ya 61. Miaka kumi ya umri ndani ya miaka kumi ya kalenda! Si ARV pekee, vyandarua na dawa mpya za malaria vilifanya kazi kubwa kwa watoto. Lakini muulize yeyote aliyekuwa Bukoba mwaka 2000 na akarudi 2012, atakwambia alichokiona kwenye misiba.

Hapo ndipo tofauti ya majanga haya mawili ilipo. Korona ilikuja kama tufani, ikang'oa wazee wengi kwa miaka miwili mitatu, halafu mstari ukarudi juu. Umoja wa Mataifa unakadiria dunia ilifika 73.3 mwaka 2024, juu kidogo ya ilivyokuwa kabla. UKIMWI ulikuja kama mafuriko yaliyogoma kupungua, ukachukua watu wa miaka 25 hadi 45, wenye kulima, kufundisha na kunyonyesha. Mstari ulikaa chini kizazi kizima. Na mtoto aliyekosa mama mwaka 1996 hawezi kuonekana kwenye kipimo chochote cha umri wa kuishi, maana yeye hakufa.

---

Kipimajoto

Kuna janga la tatu. Mafua ya 1918 yaliua pia vijana wenye nguvu, wa miaka 20 hadi 40, jambo lisilo la kawaida kwa mafua. Na hapo kuna mfano wa visiwa vya Samoa. Novemba 1918 meli iitwayo Talune ilitoka Auckland ikatia nanga Samoa ya Magharibi, iliyokuwa chini ya New Zealand, ikashusha abiria wagonjwa. Takriban mtu mmoja katika kila watano wa nchi ile alikufa. Samoa ya Marekani, jirani kabisa, gavana wake John Poyer alizuia meli. Hakufa hata mtu mmoja. Watu wa damu moja, lugha moja.

Na Japani msiisifu kabla ya wakati. Mwaka 2020 umri wao wa kuishi ulipanda, wanawake wakafika 87.74, lakini 2021 na 2022 ukashuka hadi 87.09. Waliahirisha. Ila waliahirisha mpaka wazee wao wakawa wamechanjwa, na hiyo tofauti ni roho za watu.

---

Nyundo ya Kati

Nimesoma yote. Bibi Nshomile, shikamoo, na pole sana. Lile la Lusaka nilikuwa silijui.

Nirudi kwako Mwana wa Mibuni. Tuseme unachosema ni kweli. Afrika Kusini wao wanahesabu. Kwao ilikuwaje?

---

Mwana wa Mibuni

Umeuliza penyewe, mkuu. Afrika Kusini karibu kila kifo cha mtu mzima kinaandikishwa, na kila wiki baraza lao la utafiti wa tiba lilikuwa likichapisha idadi ya vifo vilivyozidi vile vya kawaida. Kwa hesabu zao wenyewe, kati ya 2020 na 2021 wanaume walitoka 62.4 hadi 59.3, wanawake 68.4 hadi 64.6. Ni Waafrika, kwenye jua lilelile, wengi wao vijana. Wana kisukari na shinikizo la damu kuliko sisi, wana wazee wengi kuliko sisi, hivyo siwezi kuichukua namba yao nikaibandika Tanzania. Lakini siwezi pia kusema sisi ni sifuri kwa sababu tu daftari letu ni jeupe.

Duniani kote, vifo vya korona vilivyotangazwa 2020 na 2021 vilikuwa milioni 5.4. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo vilivyozidi kawaida vilikuwa milioni 14.9. Katikati ya namba hizo mbili kuna watu zaidi ya milioni tisa. Wengine ni wa India, wengine ni wagonjwa wa moyo waliokosa kitanda, na mmoja wao, kwa moyo wangu wote naamini, ni yule mzee wa Muleba.

---

Tandale Juu

Mkuu, samahani narudi tena. Mama yangu mdogo alifia nyumbani Julai 2021, alibanwa kifua siku nne. Tulizika kijijini, hatukuandikisha popote. Bado inawezekana, au tumeshachelewa?

---

Mwana wa Mibuni

Inawezekana. Sheria inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30, ila kuna utaratibu wa waliochelewa. Anza kwa mtendaji wa kijiji mlikomzika, akupe barua inayothibitisha kifo na mahali pa kaburi. Beba kitambulisho chake kama mnacho, cha NIDA au hata kadi ya mpiga kura, au cheti cha ubatizo. Kisha nenda ofisi ya usajili ya wilaya, wanaofanya kazi za RITA, utajaza fomu na kulipia. Watakuuliza maswali, usikate tamaa. Ikiwa hakuenda hospitali, sababu ya kifo waeleze kama mlivyoiona: homa, kikohozi, kubanwa pumzi, siku nne.

---

Tandale Juu

Nimeongea na mjomba sasa hivi, kitambulisho chake kipo, alikuwa amekitunza kwenye Biblia. Alizaliwa 1958. Ijumaa napanda basi.

---

Bibi Nshomile

Nenda mwanangu. Ukifika, muulize mtendaji na wale wengine mliowazika mwaka huo.